SOMO LA VIKUNDI: Kiwanja Kitupu Kigeuke Bustani ya Wote



Katika kila senta ya ufuo wetu kuna kiwanja ambacho hakuna anayekitumia. Iwe ni hapa Luanda Kotieno, Misori, Madiany au Bondo, utakiona tu kati ya duka na duka. Kisumu nako, katika mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga ambako wengi wetu tuna watoto na ndugu, mambo ni hayo hayo. Kiwanja kimejaa takataka, mvua ikinyesha maji yanasimama humo na mbu wanazaana. Mbuzi wanalala humo. Na mama anayeishi hatua hamsini kutoka hapo anatoa pesa kila jioni kununua sukuma wiki iliyoletwa na gari kutoka mbali. Siku ambayo ziwa halikutoa samaki, hata hiyo pesa haipo, na watoto wanakula ugali kwa chumvi.

Basi watu huulizana: mbona tusilime pale? Ni swali zuri. Somo hili linajaribu kulijibu hatua kwa hatua. Someni pamoja mkutanoni, mmoja asome kwa sauti, na wengine wasimamishe pale wanapotaka kuuliza. Kama hamwezi kulimaliza siku moja, ligawanyeni mara mbili.

Jambo kubwa la somo ni hili: bustani ya pamoja mara chache hufa kwa kukosa mbegu. Hufa kwa sababu mwenye ardhi ametokea, ama kwa sababu wanachama wamegombania mavuno. Yote mawili yanaweza kuzuiwa, lakini yanazuiwa kabla ya jembe la kwanza, si baada ya mboga kuota.

1. WENGINE WALIFANYAJE?

Tuanze na Kibera, Nairobi. Baada ya ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa 2008, chakula kilikuwa shida mtaani. Njia zilifungwa, bei zikapanda. Mwaka huo huo kikundi kimoja cha vijana, na baadhi yao walisema wazi kwamba zamani waliishi kwa uhalifu, kilichukua jaa la takataka karibu na njia ya reli. Walizoa taka kwa mikono, wakalima mboga za kula na za kuuza. Walisaidiwa na Su Kahumbu, mtaalamu wa kilimo kisichotumia dawa za viwandani. Kabla ya kula mboga zile, udongo ulipelekwa kupimwa kama una sumu ya madini, na wakapanda pia alizeti, maana alizeti huvuta baadhi ya madini kutoka udongoni.

Wakati huo huo, shirika la Kifaransa linaloitwa Solidarités lilianza kuwapa watu wa Kibera miche ya kupanda katika magunia. Asiye na hata kipande cha ardhi aliweka gunia mlangoni akachuma sukuma wiki. Tutarudi kwa gunia baadaye, kwa sababu lina faida moja ambayo shamba halina.

Sasa twende mbali kidogo tuone habari ya karatasi. Katika mji wa New York, Marekani, mwaka wa 1973, mama mmoja aitwaye Liz Christy na wenzake walisafisha kiwanja kilichoachwa kwenye kona ya barabara za Bowery na Houston, wakapanda mboga na maua. Hawakuishia hapo. Mwaka uliofuata, 1974, waliomba ofisi ya mji, wakapewa kiwanja kile kwa kodi ya dola moja tu kwa mwezi. Kodi yenyewe ilikuwa ndogo kabisa. Faida yake ni kwamba sasa walikuwa wapangaji wanaojulikana. Bustani hiyo ipo hadi leo.

Katika mji mwingine wa nchi hiyo hiyo, Los Angeles, mambo yalikwenda vingine. Tangu 1994 familia zipatazo 350 zililima ekari 14 katikati ya mji, kwenye ardhi iliyokuwa ya serikali ya mji. Walipanda mahindi, maharagwe, miti ya matunda. Lakini ruhusa yao ilikuwa ya muda, ya kuweza kufutwa wakati wowote. Mwaka wa 2003 serikali ya mji iliiuza ardhi hiyo kwa mtu aliyekuwa na haki nayo zamani. Watu waliandamana, wakaenda kortini, hata wacheza sinema mashuhuri wakaja kukaa nao. Tarehe 13 Juni 2006 polisi waliwaondoa na matingatinga yakaingia shambani. Jasho la miaka 12 likaenda.

Hao wote walikuwa wakulima hodari. Tofauti yao ilikuwa katika maswali matatu: ardhi ni ya nani, ruhusa ni ya muda gani, na ikiisha itaishaje?

2. KIWANJA HIKI NI CHA NANI?

Usikubali mtu akuambie, "Hicho hakina mwenyewe." Kenya hakuna ardhi isiyo na mwenyewe. Katiba ya 2010 inagawa ardhi mafungu matatu: ya umma, ya jamii, na ya watu binafsi. Kiwanja chenu kiko katika mojawapo ya hayo.

(a) Ikiwa ni cha mtu binafsi. Muulizeni mzee wa kijiji na chifu jina la mwenyewe. Kisha mtafute nambari ya kiwanja na mfanye upekuzi katika usajili wa ardhi. Upekuzi utawaonyesha jina lililoandikwa na kama benki inakidai. Hapa kwetu mara nyingi jina hilo ni la mzee aliyefariki zamani. Hapo muwe macho. Mtoto mmoja akisema, "Limeni tu, hii ni yetu," haitoshi. Ndugu yake wa Mombasa atakuja Desemba na kusema yeye hakuulizwa. Ulizeni ni nani walioteuliwa na korti kusimamia mali ya marehemu. Hao ndio wa kutia sahihi, na ni vizuri familia nzima ijue.

(b) Ikiwa ni cha umma. Viwanja vya soko, ukingo wa barabara, ardhi ya shule au ya zahanati, hivi viko chini ya kaunti au ofisi nyingine ya serikali. Anzeni kwa msimamizi wa wodi, kisha ofisi ya ardhi ya kaunti. Chifu anaweza kuwasindikiza na kuwajulisha, lakini chifu hawezi kuwapa ardhi ya umma, na mwanasiasa hawezi pia, hata akitamka mbele ya watu wote na kupigiwa makofi. Tukumbuke ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004. Ilionyesha jinsi viwanja vya umma nchini kote, hata vya shule, masoko na vyoo, vilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Kiwanja kinachokaa kitupu bila mtu kujua ni cha umma ndicho kinachonyakuliwa kwa urahisi. Kikundi kinacholima pale kwa barua rasmi kinakuwa pia mlinzi wa mali ya wote.

(c) Ikiwa kiko kando ya ziwa. Ukanda wa ufuo unalindwa na sheria za mazingira. Halafu ziwa lenyewe halina mkataba na mtu: mwaka wa 2020 lilipanda likafunika fukwe, mashamba na nyumba za watu. Zungumzeni na kamati ya ufuo na ofisi ya mazingira kwanza. Na msisahau kwamba kiboko naye hutoka usiku kutafuta malisho, na ua wa miiba haumzuii.

(d) Ikiwa ni cha kanisa au shule. Msidhani kwamba kwa sababu ni chetu sote basi hakuna haja ya barua. Padri huhamishwa na mwalimu mkuu huhamishwa. Anayekuja hajui mliyoongea na aliyeondoka. Andikeni.

3. BARUA YA MAKUBALIANO

Mtu mwenye kiwanja akikataa kuwapa ruhusa, mara nyingi si kwa uchoyo. Anaogopa. Amesikia kwamba mtu akikaa kwenye ardhi ya mwingine miaka 12 anaweza kwenda kortini kuidai. Ni kweli, sheria ya Kenya inasema hivyo kwa ardhi ya watu binafsi (ardhi ya umma haidaiwi kwa njia hiyo). Lakini dai hilo ni la mtu aliyekaa bila ruhusa. Aliyekaa kwa ruhusa ya mwenyewe hana dai. Kwa hiyo mwelezeni mwenye kiwanja hivi: barua yenye maneno "kwa ruhusa yako" inamlinda yeye kuliko kukaa bila barua. Wengi wakielewa hilo hulegea.

Katika mila zetu pia, kujenga, kuzika mtu, na kupanda miti ya kudumu ni alama za kusema "hapa ni petu". Basi ahidini kwa maandishi kwamba hamtafanya hata moja.

Huu hapa mfano mnaoweza kunakili:

MAKUBALIANO YA KUTUMIA KIWANJA

Sisi, kikundi cha .................., cheti cha usajili nambari .........., tumepewa ruhusa na .................. mwenye kiwanja nambari .......... kilichoko .................., tulime mboga kuanzia tarehe .......... mpaka tarehe ...........

(i) Kikundi kinakubali kwamba kiwanja ni cha mwenyewe, na kwamba kinalima kwa ruhusa yake.

(ii) Kikundi hakitajenga, hakitazika, wala hakitapanda miti ya kudumu.

(iii) Mwenyewe akihitaji kiwanja kabla ya muda kuisha, atatoa notisi ya miezi mitatu kwa maandishi, na kikundi kitavuna mboga zilizo shambani kabla ya kuondoka.

(iv) Kodi ni shilingi .......... kwa mwaka (au: hakuna kodi, kikundi kitaweka kiwanja safi).

(v) Kikundi kikiondoka kitachukua ua wake, magunia, mapipa na vifaa vyake.

Sahihi za mwenyewe na mke au mume wake, mwenyekiti, katibu, mweka hazina, na mashahidi wawili. Tarehe.

Fungu la (iii) ndilo roho ya karatasi hii. Sukuma wiki huanza kuchumwa kama miezi miwili baada ya miche kuhamishwa, halafu huendelea kuchumwa kwa miezi mingi. Bila fungu hilo mnaweza kufukuzwa wiki ambayo mboga imekomaa. Muda wa mwaka mmoja au miwili, unaoweza kuongezwa, unatosha kuanza nao. Mkitaka miaka mingi, mwoneni wakili au ofisi ya ardhi, maana makubaliano ya muda mrefu yanahitaji kusajiliwa. Tengenezeni nakala tatu: moja ya mwenyewe, moja ya kikundi, moja kwa chifu.

Mmeona hapo juu kuna nafasi ya nambari ya cheti. Kikundi kisichosajiliwa hakiwezi kufungua akaunti ya benki vizuri wala kuandikiwa barua na kaunti. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinasajiliwa katika ofisi ya maendeleo ya jamii kikiwa na watu wasiopungua kumi, katiba yake na viongozi waliochaguliwa. Msiogope neno katiba. Kurasa mbili zinatosha.

Kuhusu kilimo cha mjini kwa jumla, Kaunti ya Nairobi ilitunga sheria yake mwaka wa 2015. Kabla ya kuanza, ulizeni kaunti yenu inasemaje juu ya kulima ndani ya senta na mjini, hasa juu ya kufuga na kutumia maji machafu.

4. UDONGO: TAKA GANI ILITUPWA HAPA?

Hili ndilo jambo linalosahauliwa zaidi, na ndilo linaloweza kudhuru mtoto. Kiwanja cha mjini si shamba la baba. Kabla ya kulima, kaeni na wazee na wenye maduka ya jirani, waulizeni: zamani palikuwa na nini hapa?

- Kama palikuwa na maganda ya ndizi, majivu, mavi ya ng'ombe, hiyo ni baraka. Tayari ni mbolea.

- Kama palikuwa na chupa na misumari, chekecheni udongo na mvae viatu. Sindano za zahanati msiziguse kwa mkono. Mwiteni afisa wa afya ya umma.

- Kama palikuwa na gereji, mahali pa kuchomelea vyuma, kuyeyusha betri au kumwaga rangi na oili chafu, simameni hapo. Msilime moja kwa moja kwenye udongo ule.

Kwa nini? Kwa sababu ya risasi, yaani madini ya ledi yaliyo ndani ya betri za gari. Haionekani na haina harufu, na haiozi hata miaka ikipita. Huharibu akili ya mtoto anayekua. Tumeona hapa Kenya kule Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi karibu na nyumba za watu mpaka kikafungwa mwaka wa 2014. Watu wazima na watoto walidhurika, na mwaka wa 2020 korti ya mazingira ya Mombasa iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Mkiwa na shaka, chukueni udongo kidogo kutoka sehemu kumi za kiwanja, uchanganyeni, mpeleke kwa afisa wa kilimo aulize maabara inayopima madini. Upimaji wa kawaida wa rutuba hauonyeshi sumu, kwa hiyo taja wazi kwamba mnataka kujua habari ya ledi. Kama upimaji ni ghali kwenu, kuna njia ya tahadhari: lete udongo safi na mlime juu ya ardhi ile, katika matuta yaliyoinuliwa yenye kitako cha mawe, ama katika magunia. Pandeni mboga za majani mbali na barabara, maana vumbi la barabara hukaa juu ya majani. Na kama mlipanda alizeti ili ivute madini, msiwape kuku mbegu zake wala msiitie kwenye mboji.

5. MAJI, MBOLEA NA MBOGA

Neno Luanda katika Dholuo ni mwamba, na kweli sehemu nyingi za Uyoma ni mawe na jua kali. Tunaona ziwa mbele yetu, lakini ziwa halijajileta shambani. Kwa hiyo fanyeni hesabu kabla ya kuchora matuta.

Tuseme kikundi kina watu 15. Mnataka matuta 18, kila tuta upana wa mita 1 na urefu wa mita 6. Wakati wa kiangazi, mita moja ya eneo hunywa kama lita 5 kwa siku. Basi:

Tuta moja: mita 6 mara lita 5 = lita 30, yaani mtungi mmoja na nusu wa lita 20.
Matuta 18: lita 540, yaani mitungi 27 kila siku.

Nani atabeba mitungi 27 kila siku? Tukisema kweli, ni akina mama na wasichana. Sasa tazama paa la mabati la mita 6 kwa 5. Mvua nzuri ya milimita 20 inatoa lita 600 juu ya paa hilo, na ukitoa inayomwagika utapata kama lita 480. Hiyo haitoshi hata siku moja ya matuta 18! Lakini tuta sita zinahitaji mitungi 9 tu, na pipa la lita 480 litazihudumia siku mbili na zaidi. Funikeni udongo kwa nyasi kavu, na maji yatadumu zaidi. Kwa hiyo mpango mzuri ni matuta yote 18 wakati wa mvua ndefu (Machi mpaka Mei) na mvua fupi (Oktoba mpaka Desemba), na matuta sita tu wakati wa kiangazi.

Anayeteka maji ziwani asisimame ndani ya maji bila sababu, maana kichocho kiko, na mamba pia. Na mboga isiliwe mbichi baada ya kuoshwa kwa maji ya ziwa. Ipikwe.

Mbolea tunayo bure. Kusanyeni mabaki ya soko, majani, mavi ya ng'ombe na majivu. Gugumaji, ambalo limesumbua ziwa letu tangu karibu 1990, linaweza kutumika pia. Likatwe vipande na kuanikwa siku chache kwanza kwa sababu karibu lote ni maji, kisha lipangwe tabaka kwa tabaka na mavi. Msilete lenye maua. Lundo lifike kiunoni, ligeuzwe kila baada ya wiki mbili au tatu, na baada ya miezi mitatu hivi litakuwa mboji nyeusi isiyonuka.

Kuhusu mboga, msikimbilie kabeji. Mboga zetu wenyewe zinavumilia jua na soko linazipenda: dek (mgagani), osuga (mnavu), apoth (mrenda), boo (kunde) na ododo (mchicha). Ododo huchumwa kwa wiki tatu mpaka nne, na dek kama wiki tano. Zinarudisha pesa ya mbegu haraka, na mbegu za msimu ujao mnaziweka wenyewe kwa kuacha mimea michache izeeke. Pandeni sukuma wiki pia, kwa sababu inachumwa muda mrefu.

Sasa gunia. Chukua gunia lisilowahi kubeba dawa wala mbolea ya chumvi. Simamisha katikati mkebe usio na juu wala chini, ujaze kokoto. Jaza udongo na mboji pembeni, vuta mkebe juu, jaza kokoto tena, endelea hivyo mpaka gunia lijae. Toboa matundu ubavuni, panda miche ubavuni na juu. Maji unamwaga kwenye kokoto katikati yafike chini. Gunia moja laweza kubeba miche 30 hivi. Na ile faida niliyosema ni hii: mkifukuzwa, gunia linaondoka nanyi. Kikundi chenye ruhusa ya muda mfupi kianze kwa magunia, kihamie matuta baadaye.

6. NANI ATACHUMA, NANI ATAUZA?

Hapa ndipo marafiki huwa maadui. Kuna njia mbili za kugawa. Ya kwanza, shamba zima ni la wote na mavuno yanagawanywa sawa. Inaonekana ya haki, lakini baada ya mwezi mmoja utasikia, "Mbona fulani haji kunyunyizia na anachuma kama mimi?" Ya pili, kila mtu tuta lake. Hapo bidii inaonekana, lakini ua ukivunjika hakuna anayeutengeneza, na mzee asiyeweza kubeba maji anaachwa nje.

Ninavyopendekeza ni kuchanganya. Katika mfano wetu wa matuta 18, kila mwanachama apate tuta moja (15), na matuta 3 yabaki ya kikundi. Mboga za matuta hayo 3 ziuzwe, pesa iingie sanduku la ua, mbegu na vifaa. Fungu dogo mnaweza kuwapa wajane, wagonjwa, au uji wa nasari, mkikubaliana. Kiangazi kikija na matuta yakawa sita tu, yote yawe ya kikundi na mavuno yagawanywe kwa waliobeba maji, kufuatana na daftari.

Andikeni haya kwenye katiba yenu:

- Siku ya kazi ya pamoja ni ipi. Saga yetu ya zamani ilikuwa na siku yake na hakuna aliyekosa bila sababu.
- Anayekosa mara tatu bila taarifa, tuta lake linakwenda kwa nani.
- Nani anashika pesa, na nani anashika daftari. Wasiwe mtu mmoja.
- Mwanachama akifariki, tuta linaendelea na nani nyumbani kwake. Mjane asiambiwe tu kwamba tuta lilikuwa la mume.
- Anayelima ndiye anayeamua bei. Isiwe akina mama wanapinda mgongo halafu mtu mwingine anakuja siku ya kuuza.

Daftari liwe na safu tano tu: tarehe, aliyekuja kazini, mitungi iliyobebwa, kilichochumwa, pesa iliyoingia. Lisomwe kwa sauti kila mkutano, hata kama wengine hawajui kusoma. Hasa kwa sababu wengine hawajui kusoma.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taja viwanja vitupu vitatu karibu nanyi. Kwa kila kimoja, nani anasemekana ni mwenyewe? Mmejuaje?

2. Kama mwenye kiwanja angekuja kesho, mngemwonyesha karatasi gani?

3. Wakulima wa Los Angeles walikuwa na ruhusa na bado waliondolewa. Ruhusa yao ilikosa nini? Je, mfano wa barua yetu unalijibu hilo?

4. Zamani palikuwa na nini kwenye kiwanja mnachokifikiria? Nani mzee anayekumbuka?

5. Hesabuni maji. Mna mitungi mingapi kwa siku bila kumwumiza mtu? Basi mnaweza kuwa na matuta mangapi kiangazi?

6. Katika kikundi chenu, nani hulima na nani huuza? Mgawanyo huo ni wa haki?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Chagueni watu watatu, angalau wawili wawe wanawake. Wa kwanza aende kwa mzee wa kijiji na chifu aulize habari ya kiwanja kimoja tu, na arudi na nambari yake. Wa pili aende ofisi ya maendeleo ya jamii aulize kama cheti chenu bado ni halali. Wa tatu azungumze na majirani wa kiwanja juu ya taka za zamani. Wote watatu walete majibu kwa maandishi. Mkishapata majibu hayo, ndipo muanze kujadili mbegu. Mvua isiwakimbize kulima kabla ya hapo. Msimu mmoja ukipita mkiwa mnatafuta sahihi, mnaweza kutumia magunia nyumbani kwenu na msipoteze kitu.